Jina Nililompa Mwongeli

Tulikuwa tumemaliza kumzika matroni wetu wa zamani, nyumbani kwake Mumbuni, na wageni walikuwa wameanza kujipanga kwa chakula chini ya hema, wakati Jackline alipoita kutoka upande wa pili wa ua: "Nofo!" Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na masufuria ya wali aligeuka, sahani mkononi, akamtafuta kwa macho aliyemwita, kisha akainua mkono. Hakushtuka wala kukasirika. Aligeuka tu, jinsi mtu yeyote anavyogeuka akisikia jina lake. Zaidi ya miaka ishirini na mitano ilikuwa imepita tangu tutoke shuleni. Sote tulikuwa mama za watu, wengine tayari nyanya, na jina lile lilikuwa bado linafanya kazi. Mimi nilikuwa mwisho wa foleni, hatua kama kumi kutoka kwake, na hofu iliyonishika haikuwa ya mtu mzima. Ilikuwa ileile ya kidato cha pili. Mikono ikawa baridi, nikainamia mkoba wangu nikijifanya natafuta leso. Jina lake ni Mwongeli. Hilo lingine nililianzisha mimi, na mpaka siku ile alikuwa hajui.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa ukame, katikati ya miaka ya tisini, na shule yetu ya bweni ya wasichana ilikuwa mteremkoni, nje kidogo ya mji wa Machakos. Bwalo la chakula lilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji iliyopasuka na madirisha yaliyopakwa masizi kutoka jikoni. Siku nne kwa wiki tulikula isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na siku zilizobaki ugali na kabeji iliyokatwa vipande vikubwa. Hata leo nikifunga macho ningeweza kukuambia ni Jumanne au Alhamisi kwa harufu ya mvuke ule. Humo bwaloni, na kule nyuma ya bweni kwenye mifereji ya kufulia, ndiko majina yalikozaliwa. Msichana aliyeomba nyongeza siku yake ya kwanza aliitwa Ongeza mpaka akamaliza kidato cha nne. Mwingine baba yake alikuja kumtembelea akiwa amevaa gambuti, viatu virefu vya mpira vya shambani, akawa Gambuti. Mwingine alisimama darasani akasema "ndarasa" badala ya darasa, kwa ulimi wetu wa Kikamba ambao sote tulikuwa nao, na waliomcheka zaidi ni wale ambao wangesema vilevile. Nilielewa mapema kwamba jina halikuhitaji kosa kubwa. Lilihitaji dakika moja tu ya kutojiangalia, na mtu mwepesi awe karibu.

Mtu mwepesi wetu alikuwa Jackline. Alitoka Athi River, mama yake akishona nguo za kuuzwa ng'ambo katika viwanda vya EPZ, na alizungumza Sheng ya watu wa karibu na Nairobi, haraka haraka, hivi kwamba sisi wa mashambani tulikuwa bado tunatafuta maana yeye akiwa ameshacheka na kuendelea. Nikimfikiria sasa siamini kwamba alikuwa mkatili kuliko sisi. Alikuwa na mdomo mwepesi, na sisi tulikuwa na kicheko tayari, na vitu hivyo viwili vilipokutana mtu mmoja aliumia. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha kwanza bila jina. Sikuomba nyongeza, sikusoma kwa sauti kama sikulazimishwa, nilioga kabla ya wengine kuamka. Lakini wiki ya kwanza ya kidato cha pili, tukiwa kwenye foleni ya chai, Jackline alinigeukia, akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa. "Wewe Nduku uko aje? Kila mtu hapa ako na jina. Mbona wewe huna?" Nikasema sijui. "Usijali," akasema. "Tutakutafutia."

Nilikuwa na jambo la kupatikana. Niliwaambia wote kwamba kwetu ni Mumbuni, kwa sababu shangazi yangu alikuwa amekodi nyumba huko, na Mumbuni ni mtaa wa mji, una stima na maduka. Kwetu ni Katangi. Desemba iliyotangulia, mahindi yakiwa yamekauka yakiwa na urefu wa goti, nilikuwa nimesimama siku mbili nje ya ofisi ya chifu nikishika nafasi ya mama yangu kwenye laini ya chakula cha msaada. Walitugawia mahindi ya njano na unga uliofungwa katika mifuko ya kitambaa cheupe, na kwa kuwa kitambaa kile kilikuwa kizuri, mama alifua mifuko miwili akanishonea petikoti ya kuvaa chini ya sketi ya shule. Aliisugua kwa sabuni na majivu lakini maandishi hayakutoka yote. Kwenye pindo la nyuma yalibaki maneno matatu ya Kiingereza yanayopigwa kwenye mifuko ya msaada kuonya kwamba kilichomo si cha kuuzwa: *not for sale*. Nilikuja nayo shuleni kwa sababu sikuweza kumwambia mama siitaki, nikaificha chini kabisa ya sanduku, chini ya gazeti.

Mwongeli aliingia bwaloni wiki ya pili ya muhula, mwanafunzi mpya kutoka shule ya kutwa, na nilimjua kabla hajaketi. Alikuwa kwenye ile laini ya chifu. Alikuwa mbele yangu watu wawili, na nyanya yake, siku zote mbili. Nilikuwa nimeangalia kisogo chake mpaka nikakijua. Akaja na sahani yake, akaketi mkabala nami, akatusalimia wote mezani. Kisha akaniangalia kwa muda mrefu. "Naona kama nakujua," akasema. "Wewe ni wa wapi?" Kijiko changu kilisimama. Nikasema mimi ni wa Mumbuni. "Aiya," akasema, akitabasamu, "basi nimekufananisha." Jackline alikuwa kiti cha tatu. Sikuweza kumaliza chakula, na tangu jioni ile sikuwa tena mtu anayeishi shuleni, nilikuwa mtu anayesubiri. Kila mahali Mwongeli alipokuwa, nilisogea karibu nisikie anasema nini. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakuwa na haya. Siku moja alikuwa akimsaidia mpishi kuchagua maharagwe, nami nikiwa nimesimama nje ya mlango wa jikoni, nikamsikia akieleza jinsi walivyopika yale mahindi ya njano mpaka kuni zikaisha na bado yakawa magumu. Mpishi alicheka, Mwongeli akacheka. "Tulikuwa wengi kwa hiyo laini," akasema. "Hata wale hungefikiria." Nilishika ukuta. Niliamini hao "wale hungefikiria" ni mimi, na kwamba siku yoyote, bila ubaya wowote, akicheka vilevile, angelitaja jina langu.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tukifua. Jua lilikuwa kali na kamba za nguo nyuma ya bweni zilikuwa zimejaa. Nikaiona petikoti ya Mwongeli kabla mwenyewe hajaondoka hapo: nyeupe, imeanikwa wazi katikati ya sketi, pindo lake limeelekea upande wetu. Nyanya yake naye alikuwa ameshona. Yeyote mwingine angeona alama za kijivu tu zilizofifia. Mimi nilijua pa kuangalia. Jackline alikuwa kando yangu akisuuza soksi, akaniuliza tena, kwa mzaha, kama nimeshapata jina au anitafutie leo. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, "Ile petikoti pale imeandikwa nini?" Ndiyo hayo tu. Sikusema ni ya nani, sikusema msaada, sikucheka. Jackline aliweka soksi, akaenda, akainua pindo kwa vidole viwili, akasoma kwa sauti kama mtu anayesoma habari. Wasichana wakaja, na mmoja aliyemwona Mwongeli akiianika akamtaja. Mwongeli alikuwa kwenye mfereji, sabuni mpaka viwikoni, akauliza kuna nini. "Ni wewe," Jackline akamwambia. "Not for sale. Umeandikwa kabisa." Kabla maji hayajakauka kwenye nguo zangu alikuwa ameshaitwa Nofoseli. Alijaribu kucheka nao. Nakumbuka uso wake ukijaribu. Mimi nilicheka pia, na kesho yake alfajiri, kabla ya wengine kuamka, nilitoa petikoti yangu chini ya gazeti nikaitumbukiza chooni.

Watu hufikiri jina baya hushika kwa sababu wabaya wanalirudia. Nililitazama lile likishika, kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote, na sivyo ilivyokuwa. Wiki za kwanza lilikuwa la kumcheka, na wakati ule bado lingeweza kufa. Kisha likafupishwa likawa Nofo, na likishafupishwa likawa rahisi mdomoni kuliko Mwongeli. Wasichana wa kidato cha kwanza walilitumia bila kujua linatoka wapi. Marafiki zake wawili aliowapata walimwita hivyo kwa mapenzi, wakimgawia mkate. Halafu siku moja mwalimu wa hesabu, aliyekuwa mtu mpole na aliyetupenda, aliangalia darasa akasema, "Nofo, njoo utuonyeshe hii ubaoni." Mwongeli alibaki ameketi kidogo. Kisha akasimama, akaenda, akachukua chaki. Nilikuwa dawati la nyuma na niliona kwamba jambo limeisha. Ningeweza kuinua mkono niseme, mwalimu, huyu anaitwa Mwongeli. Nilifikiria hivyo kabisa, kwa maneno hayo. Lakini mtu angeuliza mbona Nduku anamtetea, wanajuana wapi, na hofu yangu ikanishikilia kitini.

Muhula wa pili wavulana wa shule jirani walikuja kwa mdahalo. Viti vilipangwa bwaloni, sakafu ikapigwa maji, na tuliahidiwa soda. Mwongeli alikuwa msemaji wetu mkuu, kwa sababu alikuwa na sauti na hakuogopa watu. Alizungumza vizuri mpaka walimu wao wakaandika kitu. Sijui ni nani aliyewaambia wale wavulana. Katikati ya hoja yake mmoja akainua mkono kwa adabu, akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mwenyekiti," akasema, "naomba tu kumuuliza Nofoseli, kama hauzwi, anakodishwa?" Bwalo zima likapasuka. Hata mwalimu aliyekuwa msimamizi alifunika mdomo kwa daftari. Mwongeli alisimama pale akishika karatasi yake mpaka kicheko kikaanza kupungua, kisha akaikunja, akatoka kwa mlango wa jikoni. Tulidhani ameenda bwenini. Saa kumi na moja jioni, wavulana wakiwa wameondoka, matroni alihesabu watu na Mwongeli hakuwepo.

Matroni alitutuma wawili wawili, akaniweka na Jackline, upande wa bwawa lililokuwa chini ya shule. Hakusema kwa nini bwawa, na hakuhitaji kusema. Tulitelemka kwenye nyasi kavu. Maji yalikuwa yamepungua kwa ukame, pembeni matope yamekatika vipande vipande, lakini katikati palikuwa bado na kina na rangi ya kahawia isiyoonyesha kitu. Kulikuwa na kitu cheusi kando ya maji na nikakikimbilia. Lilikuwa jiwe. Jackline alikuwa akilia kimya, nilikuwa sijawahi kumwona akilia. "Kama ameingia hapa," akasema, "ni wewe ulinionyesha."

"Wewe ndiye ulisoma," nikasema.

"Mimi singejua. Uliniuliza imeandikwa nini, na ulikuwa unajua."

Tulizunguka bwawa lote tukiangalia matope kama yana nyayo. Tuliporudi juu Jackline alinishika mkono. "Sitasema kama husemi," akaniambia. Nikakubali. Sijui kama nimewahi kukubali jambo lingine kwa haraka hivyo. Usiku ule nilikuwa najua kitu kimoja tu: kama amekufa, hofu yangu ya kupewa jina itakuwa imebadilika kuwa kitu kingine ambacho sitaweza kukificha chini ya gazeti.

Hakuwa amekufa. Asubuhi, tukiwa tumejipanga uwanjani kwa paredi, mwanamke Msomali mwenye duka la vitambaa mjini alifika langoni akimshika Mwongeli mkono. Alikuwa amemkuta jioni kwenye ngazi za duka lake, akamwingiza ndani, akampa chai na anjera, mikate myembamba ya Kisomali, na mahali pa kulala, na akaja naye mapema kabla ya kufungua duka. Mimi nilikuwa nimetumwa kuchukua rejesta, kwa hivyo nilikuwa kwenye veranda ya ofisi na nilimsikia akizungumza na mwalimu mkuu. "Mwalimu, mimi nimemuuliza huyu mtoto jina lake," akasema. "Amenyamaza kwanza, kama mtu anakumbuka. Mimi nimeogopa. Mtoto anasahau aje jina lake?" Mwalimu mkuu alimshukuru sana. Kisha akaja mbele ya shule nzima, akasema kwa ukali kwamba hataki kusikia tena mtu akiitwa Nofo, akalitamka mara kadhaa, na wale wachache ambao hawakulijua wakalijua. Mwongeli alimaliza muhula huo akiwa haongei mezani. Baada ya likizo ya Agosti hakurudi. Mimi nilibaki shuleni miaka mingine miwili, nikafanya mtihani, nikapita. Hakuna aliyewahi kunipa jina.

Ndiyo maana pale Mumbuni nilikuwa nimeinamia mkoba. Nilipoinua kichwa Mwongeli alikuwa amesimama mbele yangu. "Nduku," akasema. "Mbona unajificha? Kuja tukae." Tuliketi kwenye viti vya plastiki, sahani mapajani, na akaniambia habari zake kwa urahisi. Alimalizia shule kwao, akaenda Athi River akashona EPZ miaka mingi, sasa ana duka lake la nguo Katangi na watoto watatu. Nikamuuliza jina lilimfuata vipi. Msichana mmoja wa shule yetu aliajiriwa hukohuko EPZ, akasema, akamsalimia siku ya kwanza kwa sauti, na kufikia chakula cha mchana watu wote kwenye mashine walikuwa wanalo. "Wateja wengine wanafikiria ni jina la kanisa," akasema, akakata nyama yake. Nikamwambia. Nilimwambia ni mimi niliyemuuliza Jackline petikoti imeandikwa nini, na nilikuwa najua imeandikwa nini kwa sababu nilikuwa na yangu.

Aliacha kula. "Wewe? Na hatukuwa tumekosana."

"Nilifikiria utasema uliniona kwa laini ya chifu."

"Ulikuwa kwa hiyo laini?"

"Nilikuwa nyuma yako. Siku mbili."

Aliniangalia kwa makini, kama anatafuta uso wa msichana ndani ya uso huu. "Mimi sikukuona, Nduku."

"Lakini uliniuliza. Ulisema unaona kama unanijua."

"Nilikuwa nauliza kila mtu hivyo," akasema. "Ningeanzaje kuongea na watu? Nilikuwa mgeni, sikuwa na mtu. Nilianza na meza yenu, kesho yake nikaenda hiyo ingine. Wengine walinijibu."

Watu walikuwa wanapita na soda, mtu akatugawia kila mmoja chupa, na tukazishika bila kunywa. Miaka yote ile nilikuwa nimejieleza kwamba nilifanya ubaya kwa sababu nilikuwa hatarini. Sasa hata hatari haikuwepo. Mwongeli aliweka sahani yake chini. Aliniambia kwamba alikuwa amemsamehe Jackline zamani, kwa sababu Jackline alimtafuta akaomba msamaha, lakini katika kuomba kwake hakumtaja mtu mwingine. "Sasa unataka nikuambie ni sawa?" akauliza. Nikasema hapana. "Basi andika kwa grupu. Vile umeniambia mimi, andika hivyo hivyo. Na usiseme ilikuwa utoto." Alisimama, akaenda kuwasalimia watoto wa marehemu, na hatukuzungumza tena siku ile.

Grupu ya WhatsApp ya wasichana wa shule yetu ina watu zaidi ya arobaini. Ilinichukua siku tatu. Nilikuwa nikiandika nikiwa nimeketi jikoni mchana, wali ukiungua, nikifuta, nikianza tena, na kila nilipokaribia kutuma mikono ilikuwa baridi vilevile. Mimi ni mwanamke ninayesimama mbele ya kanisa kutoa matangazo kila Jumapili. Hatimaye nikatuma, nikazima simu, nikatoka nje nikakaa na kuku. Nilipoiwasha jioni, wengi walikuwa wamesoma. Jackline alikuwa ameondoka kwenye grupu. Mmoja alikuwa ameandika kwamba sote tulikuwa wadogo, Mungu atusamehe, na baada yake mwingine akatuma tangazo la harusi ya binti yake, na watu wakaanza kumpongeza. Mwongeli hakusema kitu. Nililala nikifikiri hatasema. Ujumbe wake ulikuja kesho yake asubuhi, si kwenye grupu, kwangu mimi peke yangu. "Nimesoma. Asante. Lakini umeandika Nofo mara tisa, na jina langu mara moja."

Nilirudi nikahesabu. Ilikuwa kweli.